V8 ya kifahari ya mkono wa pili: soma hii kabla hujatoa pesa Mombasa

Wiki iliyopita binamu yangu kanitumia picha saa sita usiku. Range Rover Sport nyeusi ya 2012, injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5 yenye supachaja inayoisukumia hewa, namba ya KC, mwenyewe anataka milioni 3 na laki 2, na chini ya picha kaandika neno moja tu, "vipi?" Sikulala vizuri wallahi, manake swali hili nshaulizwa na watu wengi mno mtaani na najua mtu akishafika hatua ya kutuma picha usiku moyo ushanunua, kilobaki ni mfuko tu. Kwa hivyo naandika hapa vile nilivyomweleza yeye na nimeongeza mengine ambayo kwa simu hayakutosha, ili mwengine akitaka Cayenne Turbo ya Porsche, X5 M ya BMW, ML63 ya Mercedes ama hiyo Sport ajue aanzie wapi.

Anza na hesabu, gari ukaione baadae. Gari kama hizi zikiwa mpya showroom hapa Kenya zinapita milioni 15, sasa wewe unaiona kwa milioni 3 unadhani umeokota. Kilichoshuka ni bei ya gari, bei ya spea haikushuka hata shilingi. Ile Sport ina hosipawa 510 na uzito wake ni kama tani mbili na nusu, kitu kizito namna ile kinachokwenda kasi namna ile shuti kiwe na diski za breki kama sinia la pilau, tairi za 275/40 R20 zenye nguvu ya kubeba ule uzito, oili ya injini lita nane hivi kila sevisi tena ya aina maalum si ile ya dramu. Yote hayo utayalipa kwa bei ya gari ya milioni 15. Ukienda dukani muuzaji hakuulizi gari ulinunua kwa ngapi.

Mafuta nayo, piga hesabu ya maisha yako wewe, usisome zile namba za kwenye katalogi. Mtu anaishi Bamburi anafanya kazi mjini, kwenda na kurudi ni kilomita 24 hivi, na foleni ya daraja la Nyali unaijua, V8 hizi mjini nakupa kilomita nne na nusu kwa lita ukiendesha kwa adabu. Chukulia petroli shilingi 180, hiyo ni karibu elfu moja kila siku, siku 26 za kazi ni elfu 25, na hujaenda Diani Jumapili, hujapeleka mama Malindi. Tangi la lita 100 likijazwa ni elfu 18. Tena fungua kile kifuniko cha mafuta usome, nyingi ya injini hizi zinataka oktani 95 kwenda juu, kwa hivyo hutajaza popote tu palipo rahisi.

Sasa kanuni yangu, na hii ndo nashikilia kuliko zote: ukishalipa gari, uwe umebaki na theluthi ya bei yake pesa taslimu, imekaa mahali haiguswi, ni ya gari. Gari ya milioni 3, milioni 1 imekaa. Kama huna hiyo milioni basi bado hujafika bei ya ile gari, hata kama mwenyewe kakubali kukupunguzia. Na usichukue mkopo kuinunua, manake mwezi ile gari inalala gereji mkopo haulali.

Shemeji yangu mmoja alipuuza hili. Aliuza kiwanja, akanunua V8 kwa pesa zote akabakiza za sherehe, na wiki ya tano sospensheni ya hewa (mifuko ya hewa inayobeba gari badala ya springi) upande wa kulia mbele ikalala chini, gari ikawa kama ngamia alopiga goti moja. Kompresa ilikuwa ishaungua kwa sababu mfuko wa hewa ulikuwa unavuja zamani na kompresa inajaza usiku na mchana. Mfuko, kompresa, kazi ya fundi, hakuwa nazo. Ile gari ilikaa chini ya mwarobaini Bombolulu miezi saba, paka akazaa chini yake mara mbili, majani yakaziba mifereji ya sanrufu, masika ikaja maji yakaingia ndani. Aliiuza kwa bei ambayo hataki itajwe mbele ya dada yangu. Laki kadhaa tu alizokosa ndo zimemla mamilioni.

Wengine huniuliza si bora niagize mwenyewe nje. Sawa, lakini jua forodha. Gari iwe haijapita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza na usukani uwe wa kulia. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, halafu injini ya petroli ikipita sisi 3000 (cc, ukubwa wa injini) eksaizi, yaani ushuru wa bidhaa, ni asilimia 35, dizeli ni ikipita 2500, halafu VAT asilimia 16, na kila moja inapigwa juu ya jumla ya iliyotangulia. KRA, watu wa kodi, wakisema thamani ni milioni 4 basi ushuru 1,400,000, eksaizi 1,890,000, VAT 1,166,400, jumla karibu milioni 4 na nusu kabla ya vile vitozo vyengine. Ndo maana wajanja wanatafuta Cayenne S ya umbo lililoanza 2018, ile ya V6 tabo mbili, ina hosipawa 440 lakini injini yake ni sisi 2894, inaponea kwenye eksaizi ya asilimia 25. Kama pesa yako inafika huko mimi ningekwenda huko, gari changa na hosipawa za kutosha kabisa.

Kama ni hizi za zamani za hapahapa, basi jua ugonjwa wa kila moja kabla hujaenda kuitizama, manake kila injini ina ugonjwa wake na unajulikana dunia nzima. Range Rover Sport ya lita 5, hasa za 2010 mpaka 2012 hivi, cheni ya taiming inalegea, na ina mabomba ya plastiki ya kulanti (maji ya kupozea injini) ambayo kwa joto yanapasuka. Porsche Cayenne ya kwanza kabisa, ile ya 2003 mpaka 2006 yenye V8, nayo ina mabomba ya plastiki ya kulanti yamefichwa chini ya manifoldi, yakipasuka yanamwaga maji juu ya stata, dawa yake ni kuweka ya aluminiamu, kwa hivyo swali la kwanza kwa mwenyewe ni kama yashabadilishwa na risiti iko wapi. Hiyohiyo ina beringi ya katikati ya propela shafti inayokufa, ukikanyaga mafuta unasikia gari inagongwa chini kama kuna mtu na nyundo. Na silinda zake zinaweza kuchubuka ndani, hiyo huioni kwa macho, fundi anaingiza kikamera chembamba kwenye tundu la plagi anaangalia ukuta wa silinda, asipokuwa nacho mtafute mwenye nacho. Kuna fundi huwa anasema injini inalia vizuri haina haja ya kamera. Usimsikize.

BMW za V8 ya lita 4.4 yenye tabo mbili, hizo tabo waliziweka katikati ya injini baina ya silinda, sehemu ya moto kuliko zote, na kwa joto letu la pwani zile sili za valvu zinakauka gari inaanza kula oili. Moja ya injini hizo, iitwayo N63, ilisumbua mpaka BMW wenyewe kule Marekani wakatoa mpango maalum wa kuitengeneza mwishoni mwa 2014. Kuijua ni rahisi: gari ikishapata moto iache isailensi, yaani ingurume imesimama, dakika kumi na tano bila kuigusa, halafu kanyaga mafuta ghafla mtu akiwa nyuma anatizama eksozi. Moshi wa buluu ukitoka, ushajua. Mercedes ML63 ya lita 6.2 inalia vizuri kushinda zote hizi, hilo nakubali kabisa, lakini zile za mwanzo bolti za silinda hedi zinakatika na kulanti inaingia kwenye silinda, tena kemshafti na lifta zake zinalika. Ukisikia tik tik tik juu ya injini asubuhi, muulize mwenyewe taratibu na umtizame usoni.

Hiyo ya asubuhi ndo kiini cha mambo yote. Mwambie mwenye gari unakuja saa kumi na mbili asubuhi na gari isiguswe, isiwashwe hata kuisogeza. Ukifika, kabla ya salamu kwisha weka mkono juu ya boneti. Mimi kuna siku nilikwenda kuitizama gari moja mjini, nikaweka mkono, boneti ya moto kama jiko la chapati, na kijana wa yadi akaniambia "sheikh ni jua hilo". Jua gani na ni alfajiri, bado kuna umande juu ya kioo. Nilimshukuru nikaondoka. Mtu anayekuamshia injini mapema anajua kitu ambacho wewe hukijui, na cheni mbovu inalia sekunde zile tano za kwanza tu, kama sarafu kwenye kopo, oili ikishapanda inanyamaza na husikii tena mpaka kesho yake.

Kabla ya kuwasha zunguka gari uangalie imelalaje. Sospensheni ya hewa yenye uvujaji haifichiki baada ya usiku mzima, chukua futi ya fundi nguo upime kutoka katikati ya rim mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kulia na kushoto zikitofautiana vidole viwili, kuna mfuko unavuja. Halafu ndo uwashe, upandishe gari mpaka juu kabisa na uhesabu inachukua muda gani, kompresa iliyochoka inanguruma sana na gari inapanda kwa shida.

Tairi soma ile namba ya tarakimu nne ukutani, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Na tairi nne ziwe za aina moja na zimelika sawasawa, hii si urembo, gari hizi zinavuta tairi zote nne na tairi zikitofautiana kimo ile transfa kesi inayogawa nguvu mbele na nyuma inapigana na yenyewe mpaka inakufa. Ukiona mbele tairi mpya za jina usilolijua na nyuma vipara, mwenyewe alikuwa ashaishiwa pesa ya gari, na kama kaishiwa ya tairi basi ya oili ya giaboksi hakutoa. Atakwambia oili ya giaboksi haibadilishwi maisha. ZF wenyewe wanaotengeneza giaboksi za BMW na Range Rover wanashauri ibadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000 ama miaka 8.

Sasa haya ya pwani, na hapa nataka unisikize vizuri kwa sababu miongozo ya watu wa Nairobi haikwambii. Chumvi iko kwenye hewa, iko kwenye rampu ya feri Likoni maji yakijaa, na iko hata kwenye karwoshi, manake karwoshi nyingi hapa zinatumia maji ya kisima na ukiyaonja ni magadi. Kwa hivyo gari inayong'aa juu ingiza kwenye shimo ama ipandishe, chukua tochi utizame mabomba ya breki, bolti za sabfremu, na zile plagi za waya chini, ukiona unga wa kijani kwenye plagi hiyo ni kutu ya shaba na itakusumbua na taa za dashibodi miaka yote. Fungua kulanti injini ikiwa baridi. Rangi iwe safi, nyekundu ama pinki ama buluu ama ya chungwa kulingana na gari, ikiwa kahawia kama chai ya rangi basi kuna mtu amekuwa akiongeza maji ya bomba ama ya kisima, na maji yale kwenye injini ya aluminiamu ni sumu. Mimi hapo huondoka. Simwambii mtu ajadiliane bei, huondoka.

Inua na zulia za miguuni ubonyeze na kidole. Mifereji ya sanrufu ikiziba maji ya masika yanashuka ndani, na wenye kutengeneza gari hizi waliweka vitu vya umeme chini huko, Cayenne kwa mfano betri yake iko chini ya kiti cha mbele. Zulia bichi ama harufu ya uvundo iliyofunikwa na pafyumu nyingi, uliza na usubiri jibu.

Kuipima gari kwa kompyuta shuti. Lakini kuna ujanja hapa, fundi wa mwenyewe anafuta makosa yote saa moja kabla hujafika na taa zote zinazimika, wewe unaona dashibodi safi. Mwambie fundi wako aangalie kwenye skena gari imekwenda kilomita ngapi tangu makosa yafutwe, na kama vile vipimo ambavyo kompyuta ya gari hujipima yenyewe vishakamilika, vikiwa bado basi imefutwa juzi. Halafu gari nyingine zinahifadhi masaa injini iliyofanya kazi. Gawanya kilomita kwa masaa. Gari ya mjini inatoa kama 25 mpaka 40 kwa saa, sasa dashibodi ikisema kilomita 70,000 na masaa ni 5,000 hiyo ni kilomita 14 kwa saa, mkokoteni wa Marikiti unakaribia hapo, basi mita imerudishwa.

Ukiendesha usiridhike na kuzunguka mtaa. Anza mjini foleni ikiwa imeshika, eesi umefungua mpaka mwisho, tizama sindano ya joto pale Kibarani gari zimesimama, V8 yenye redieta iliyoziba inajisema hapo. Pita Changamwe, Miritini, upande ule mlima wa Mazeras na malori, ukanyage kwa nguvu giaboksi ishushe gia, usikie kama kuna mtikisiko ama kuteleza. Kushuka jaribu breki kwa heshima, usukani ukitetemeka diski zimepinda, na diski za hizi gari ni pesa. Matutani zima redio. Kurudi simamisha gari, usizime, tizama chini kama inadondosha maji ya eesi tu ama kuna kengine.

Karatasi nitapita haraka lakini usipite haraka wewe. Sachi ya NTSA (mamlaka ya usafiri) kwenye eCitizen, ile tovuti ya serikali, jina liwe la anayekuuzia, namba ya chesi ilingane na iliyo kwenye gari yenyewe, uiguse kwa kidole uone haijachezewa. Halafu kuna rejista ya dhamana ya mali zinazohamishika, sheria yake ni ya 2017, tafuta humo kama gari haijawekwa rehani kwa mkopo, manake logbuku inaweza kuwa mkononi na deni liko palepale. Bima ulizia kabla hujalipa gari, kuna kampuni hazikubali komprehensivu gari ikishazeeka, na V8 ya milioni 3 kuiendesha na thadi pati baina ya matatu za Mtwapa roho haitulii.

Na fundi. Mtafute fundi kabla ya kutafuta gari, mwenye skena ya gari ile hasa, alofungua injini ile si mara moja. Spea nyingi utaagiza Nairobi, mzigo unashuka Mwembe Tayari na basi la usiku, ukikosekana Nairobi unangoja ndege kutoka Uingereza ama Dubai, kwa hivyo uwe na usafiri mwengine nyumbani, hata kijigari kidogo. Gari hii isiwe ndo ya kumpeleka mtoto shule peke yake.

Najua nimetisha. Mimi mwenyewe nazipenda gari hizi mno, nimeendesha moja mwaka wa tatu sasa, nikiipeleka Voi usiku barabara tupu injini inanguruma chini chini hakuna starehe kama ile, na imekaa nami kwa sababu nilikataa nne kabla yake. Moja ilikuwa safi kila kitu isipokuwa kulanti, ilikuwa ya kahawia.

Binamu nilimuuliza tu una milioni ya pembeni? Akanyamaza kidogo, akasema ana laki 7 na mwezi wa pili anapata nyingine. Nikamwambia basi gari ni ya mwezi wa pili, lakini kuitizama hakulipwi. Nimezungumza na mwenye gari, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, funguo zibaki ndani ya nyumba mpaka tufike. Futi ya fundi nguo nishaiweka kwenye begi.